Jina Lililonyamazisha Kilio

Nilipokuwa mtoto kule Nyalenda, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nilimwonea wivu binamu yangu kwa ajili ya marehemu ambaye sikuwahi hata kumwona. Marehemu huyo aliitwa Aloo, dada mkubwa wa bibi yetu. Binamu yangu ndiye aliyerithi jina lake. Alipozaliwa alilia kutwa kucha, wakawa wanamtajia majina ya wafu wa ukoo, na walipofika kwa Aloo akanyamaza. Kwetu hiyo ilitosha. Marehemu alikuwa amejichagulia mtoto.

Bibi, tuliyemwita Dani, alimwita mtoto huyo nyamera, yaani dada yangu. Tukitoka shule tulikaa naye kibarazani, yeye akibambua njugu, sisi tukifanya hesabu. Tulikuwa darasa moja, na hesabu za sehemu zilitutoa jasho sote wawili. Aloo akilalamika kwamba imekataa, Dani, ambaye hakujua kusoma hata neno, alimwambia:

"Rudia, nyamera. Wewe hata zamani ulikuwa unakosea kwanza, halafu unashinda soko lote kwa hesabu."

Aloo alifuta, akarudia. Akalia kidogo, akarudia tena.

Yangu ikikataa, Dani alinionea huruma. "Wacha tu, nyathina, mtoto wangu. Usiumize kichwa. Kuja unisaidie njugu."

Siku moja uchungu ulinijaa, nikamwuliza, "Dani, na mimi ni nani alikuja kwangu?"

"Wewe hukulia," akasema. "Ulizaliwa jioni, tukakuita Adhiambo, wa jioni, ukalala."

Basi mwenzangu alipewa kichwa cha mtu, mimi nikapewa saa. Nilimchukia Aloo, nikachukia hata ile penseli yake iliyotafunwa. Hesabu nikaachana nazo, maana niliona hazikuwa za jina langu. Mtihani wa darasa la saba ukaniangusha, na masomo yangu yakaishia hapo. Aloo aliendelea, na baadaye akawa mwalimu wa hesabu Bondo.

Dani alipofariki tulikuwa watu wazima. Matangani mtu mmoja akamsifu Mwalimu Aloo kwa kurithi kichwa cha marehemu wa jina lake. Mama mmoja mkongwe kutoka Awasi, mke mwenza wa yule Aloo wa kwanza, akaangua kicheko.

"Aloo gani? Yule wa kwangu? Hata kuku wake walikuwa wanamshinda! Kila jioni mimi ndiyo namhesabia."

Watu walicheka, Mwalimu mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilishindwa kucheka.

Nimezeeka sasa, na wivu huo bado ninao, ila umehama. Simwonei tena Aloo wivu kwa kichwa chake, kwa sababu hakurithi kichwa cha mtu yeyote. Namwonea kwa zile jioni zote alizoambiwa rudia. Dani alimtungia uongo mtamu, naye akauamini mpaka ukawa kweli. Na ukoo wetu ulikuwa na wafu wengi. Dani hangekosa hata mmoja wa kunipa.