Kobe wa Mume Wangu

Mume wangu akirudi mchana kutoka kwenye banda lake la kutengeneza pikipiki, swali lake la kwanza ni lilelile: "Kobe amekunywa maji?" Mimi nipo hapo mlangoni, namenya mihogo tangu asubuhi, jasho linanitiririka, na hakuna anayeuliza kama nimekunywa. Wanawake wenzangu wana wake wenza wenye nywele za kusuka na manukato. Wangu ana gamba mgongoni.

Niliolewa nikamkuta. Aliachwa na baba mkwe alipofariki, na mume wangu amekua naye uani tangu akiwa mtoto wa kutambaa. Mimi ni mtu wa Maguu, huko milimani, ambako mwezi wa sita unalala na sweta. Hapa Liuli, kando ya ziwa, Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, mchanga wa uani haukanyagiki peku saa saba mchana. Na kobe hatoki jasho. Akizidiwa na joto anatoa mapovu mdomoni, na asipopata kivuli anafia humohumo kwenye gamba lake. Mume wangu alinieleza hayo kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia akizungumza habari zangu. Kila asubuhi alimwagia maji udongo chini ya migomba, akamwekea beseni fupi ambamo angeweza kuingia na kutoka mwenyewe, na mchana akaja kutazama kivuli kimehamia wapi. Jiko langu la kuni lilikuwa juani mwaka mzima, na hakuna aliyekuja kutazama kitu.

Mwaka jana migomba ilikauka, kivuli kikaisha. Siku hizohizo mume wangu akalazimika kwenda Mbinga mjini kununua vipuri. Alfajiri, akivaa viatu, akaniambia, "Nimemwomba dada aje amwangalie kobe."

Dada! Huyo ni wifi yangu, anakaa nyumba ya pili, na ndiye eti anayejua kobe anapenda nini. Mimi ninayelala na kuamka na kobe huyo sikuonekana ninafaa. Roho iliniuma. Nikasema moyoni, leo mtanitambua.

Nikachukua jembe. Sisi Wamatengo tunalima ngolo: mashimo mapana yaliyojipanga mlimani, kila shimo limezungushiwa matuta, mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kuondoka na udongo. Shimo la ngolo la kwetu lina ubaridi hata jua likiwaka. Nikachimba moja katikati ya ua, nikamimina ndoo mbili za maji, nikamshusha kobe taratibu, nikamtupia majani ya maboga. Kisha nikajitwisha mihogo yangu mikavu nikaenda mashineni kusaga, nimejaa majivuno.

Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilimkuta wifi amepiga magoti shimoni. Mchanga wa ziwani si udongo wa Maguu. Maji yote yalikuwa yamezama, jua la utosini limeingia mpaka chini, na kuta zilimeguka kila kobe alipojaribu kupanda. Mdomoni alikuwa na mapovu.

"Shikamoo, wifi," nilisema, unga ungali kichwani.

"Shikamoo ya nini? Ulitaka kumpika?"

Akambeba mpaka sebuleni kwake, kwenye sakafu ya saruji, akamweka katika beseni la maji ya uvuguvugu yasiyofika shingoni. Ya baridi sana yangemshtua, alisema. Akawa anamdondoshea maji mgongoni kwa kiganja huku akimwimbia. Muda ulipita, kisha kobe akanyoosha shingo akanywa. Nilishukuru Mungu kwamba hakufa, na papo hapo nikaona wivu mpaka masikio yakapata moto, kwa sababu alikuwa akinywa mikononi mwa yule.

Jioni wifi alimsimulia mume wangu yote kabla hajatua mzigo. Nikajiandaa kufokewa. Yeye akaenda kusimama kando ya shimo.

"Hivi ndivyo mnavyolima kwenu?"

"Ndiyo."

"Mwanamke peke yake?"

Hapo nikapasuka. "Kwetu mwanaume anafyeka nyasi kwanza, anazilaza miraba. Mwanamke anachimba katikati anazifukia kwa udongo. Baba hajawahi kumwacha mama achimbe pasipo nyasi!"

Asubuhi hakwenda bandani. Alichukua panga, akafyeka matete na nyasi kando ya kijito, akauliza zinalazwaje. Nikamwonyesha. Akazilaza mraba, zote zikitazama upande mmoja, akipiga magoti kurekebisha zilizopinda. Mimi nikachimba na kufukia, safari hii upande mmoja ukiwa mteremko wa kutokea, na juu akaezeka matete. Kila nilipotupa udongo nilimtazama mikono. Shamba la mihogo nimelilima peke yangu tangu tuoane, na hakuna siku aliyonilazia hata unyasi mmoja.

Tulipomaliza akajifuta jasho, akaenda kwa dada yake, akarudi amemkumbatia kobe.

"Haya mzee," alimwambia, "nyumba yako hiyo."

Kobe akaingia kivulini. Mume wangu akachuchumaa mlangoni kumtazama, na mimi nikabaki nimesimama na jembe mkononi, nyasi zangu za kwanza za ndoa zikiwa za kobe.