Sadaka Ilishaliwa

Mama yangu alimtoa mbuzi wake mwenyewe achinjwe kwa ajili yangu, na ndiyo maana kwa zaidi ya mwaka mzima sikuweza kumwambia mtu kwamba sijapona.

Niseme mapema, mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu anasema huwa nawaka bila kiberiti, na hapo siwezi kubishana naye. Kwa hiyo anayesoma haya asitegemee upole. Kuna mtu nimemkasirikia humu tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtu huyo ni mimi.

Nilikuwa dereva wa fuso. Nilikuwa nabeba mahindi kutoka vijiji vya Handeni kuyaleta Korogwe, kazi niliyoianza kabla sijaoa. Siku moja ya mvua, kwenye mteremko kabla ya kuingia Makuyuni, akatokea mbele yangu bwana mmoja na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa. Nikakanyaga breki, fuso likateleza. Yule bwana akarukia mtaroni. Baiskeli ilibaki barabarani nikapita juu yake, nikausikia mlio wa vyuma vikikunjika chini ya miguu yangu, kisha gari likalala ubavu. Nilitokea dirishani nikiwa na mchubuko wa kiwiko tu. Bwana wa mkaa alikuwa amesimama mtaroni, mzima, tope mpaka masikioni, ananitukana mimi na ukoo wangu wote. Wallahi sijawahi kufurahia matusi kama siku ile.

Kwetu ni Kwamsisi, upande wa Handeni, na kwetu mtu akinusurika namna hiyo haziachwi zipite siku nyingi. Mbuzi alichinjwa, mwalimu wa madrasa akasoma dua, watu wakala pilau. Mwishoni baba mkubwa akasimama, akasema kama inavyosemwa siku zote: jambo limefungwa, asilitaje mtu tena. Ndiyo desturi ya ukoo wetu. Sadaka ikishaliwa, balaa limeondoka. Ukilitaja unaliita lirudi, na zaidi ya hapo unakuwa umeidharau sadaka na mkono ulioitoa.

Mama alikuja kuniangalia pale mkekani.

"Umepoa, baba?" akaniuliza.

"Nimepoa, mama."

Goti langu la kushoto lilikuwa linacheza chini ya kanzu, nimelishika kwa mkono lisionekane.

Baada ya wiki mbili tajiri wa fuso aliniita kazini. Nikapanda, nikawasha. Injini ilipoitika tu, nikausikia ule mlio wa baiskeli, mchana kweupe, gari limesimama na hakuna baiskeli hata moja pale uwanjani. Moyo ukaanza kunipiga mpaka kooni. Mikono ilitoa jasho hata usukani ukateleza. Nilizima gari nikashuka, nikamwambia tajiri kiuno kinauma. Hilo ndilo likawa jibu langu kwa kila mtu: kiuno. Nikaenda kuziba pancha kwenye gereji moja hapa Kilole, Korogwe, ninakoishi, mimi niliyekuwa napigiwa honi za heshima na madereva wenzangu. Walipopita kuniuliza narudi lini barabarani, niliwajibu kwa mkato, na wengine niliwatukana. Nilikuwa naamka kila siku nikijiambia kwamba mimi ni mwoga na mwoga hana kazi mjini. Ukijisemea hivyo kila asubuhi, jioni unakuwa umeshaamini.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma kwenda kituo cha afya. Nilikwenda nikidai nina presha. Daktari alikuwa dada mmoja mdogo kwangu sana kwa umri. Alinipima, akaniambia presha haina neno, akauliza kama nalala vizuri na ni kitu gani kilinipata. Sadaka ilishaliwa, nitaanzia wapi? Yule dada hakuwa na haraka. Aliweka kalamu chini akanisubiri, na mimi kimya cha mtu sikiwezi. Nikamweleza, si yote, nusu.

"Hiyo ni hofu iliyobaki mwilini baada ya ajali," akasema. "Ni ugonjwa, na unatibika. Afya ya akili ni afya kama nyingine."

Ebo! Niliposikia akili, nikasimama.

"Dada, unaniita mimi chizi?"

"Nimesema unaumwa. Ningekuambia umevunjika mguu ungenigombeza?"

Nikakaa. Nilirudi kwake mara nne. Alinipa mambo mawili ya kufanya. La kwanza, nilisogelee gari kidogo kidogo: leo nikae ndani bila kuwasha, kesho niwashe nisiondoke, keshokutwa niende mpaka kona na kurudi, na nisishuke wakati moyo unakimbia, nivute pumzi taratibu mpaka utulie. La pili, nimwambie yule ninayemficha kuliko wote.

La kwanza nilifanya, tena kwa bidii. Fundi wa gereji alikuwa na kirikuu chake, kigari cha mizigo kibovu kibovu, akawa ananiachia. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa naizunguka Kilole yote, nafika mpaka sokoni. La pili niliachana nalo. Nilijua vizuri ninayemficha ni nani, na nilijua mbuzi alikuwa wa nani.

Basi ndipo ikatokea nafasi ya gari la shule. Mwenye shule alikuwa mama mmoja wa maneno machache, anayevaa miwani mikubwa. Aliniambia Jumatatu saa mbili asubuhi tutakwenda Handeni na kurudi, yeye akikaa kiti cha nyuma. Akiridhika, nitabeba watoto. Niliitaka kazi ile mpaka mate yakanikauka. Sikuitaka kwa sababu ya mshahara peke yake. Nilitaka kuwa dereva tena, mtu akiniuliza nafanya kazi gani nijibu bila kuangalia chini. Lakini kwenda Handeni na kurudi maana yake kuushuka ule mteremko, na tangu siku ya baiskeli sikuwa nimeushuka nikiendesha mwenyewe. Nikajiambia Jumamosi nitaushuka kwanza peke yangu, Jumatatu nitakuwa nimeshauzoea.

Jumamosi hiyo hiyo mama alikuwa anatakiwa hospitali Korogwe kwa ajili ya macho, nikaona bora nimfuate mwenyewe kwa kirikuu. Hapa nieleze kitu. Zamani mama alikuwa haishi kuja kwangu, kila mwezi anakuja na mihogo na kuku. Tangu ajali hakukanyaga tena. Leo kuku wana ugonjwa, kesho miguu, keshokutwa mvua. Na mimi kwa kichwa changu kilivyokuwa, nikapata tafsiri moja tu: ananionea aibu, mtoto wake dereva amekuwa mziba pancha. Nikaiweka moyoni hiyo, ikachacha.

Kwenda Kwamsisi nilipita pale kwa kupanda, na kupanda hakukunisumbua sana. Nilibana meno nikapita. Nilimkuta mama amekaa barazani, hajajiandaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi siendi. Macho yenyewe yanaona."

"Mama, daktari anakungoja."

"Mwambie nitakuja mwezi ujao."

Nikawaka. Nakwambia niliwaka mbele ya mama yangu mzazi, jambo ambalo mpaka leo naliombea msamaha.

"Sema tu unanionea aibu! Sema hutaki kuonekana na mimi!"

Mama aliingia ndani, akatoka amejitanda khanga, akapanda kirikuu na kukaa pembeni yangu, mkoba kifuani. Niliona aibu kumtazama.

Tulikwenda hivyo hivyo kimya, vumbi, kisha lami. Nilikuwa nahesabu pumzi nilivyofundishwa. Kadiri tulivyokaribia, goti la kushoto likaanza, kidogo, halafu sana, mpaka nikikanyaga klachi gari linaruka. Nikajisemea mama asijue, mama asijue. Kibao cha kuonyesha mteremko mkali kikatokea. Nyuma yangu lori likapiga honi. Mikono ikalowa. Nikausikia ule mlio, na safari hii haukuwa mbali.

Sijui kwa nini niligeuza shingo. Nadhani nilitaka kuhakikisha mama haoni goti langu. Mama alikuwa hanioni kabisa. Alikuwa amefumba macho kwa nguvu, ameng'ata pindo la khanga, na mkono mmoja ameukaza kwenye dashibodi hata mishipa imesimama. Midomo inamtetemeka, anasoma kila dua anayoijua.

Nikakata kushoto, nikaegesha kwenye nyasi, nikavuta handibreki. Lori likapita na matusi yake.

"Mama," nikasema. "Mimi naogopa."

Hakufumbua macho.

"Sadaka ililiwa, mwanangu."

"Ililiwa, mama. Lakini mimi naogopa tangu siku ile. Sina kiuno wala nini. Naogopa."

Akafumbua macho, akalitema lile pindo. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Hata mimi," akasema.

Sikumwelewa.

"Tangu walipokuja kuniambia umelala barabarani, sijapanda gari hata moja," akasema. "Hata harusi ya binti wa mdogo wangu sikwenda, nikasema tumbo. Nikiona gari nakuona wewe chini yake. Kuku hawakuwa na ugonjwa, baba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mbuzi nilimtoa mimi! Nitasimama mbele ya watu niseme nini, kwamba haikufaa? Na wewe ulisema umepoa."

Jamani. Mwaka na zaidi, mimi Kilole, yeye Kwamsisi, kila mmoja anamficha mwenzake kitu kile kile, kila mmoja akidhani anailinda sadaka. Na mimi nikawa nimemtengenezea kosa la kunionea aibu ambalo hakuwa nalo, nikalilea, nikamtupia usoni asubuhi ile. Niliweka kichwa juu ya usukani nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Mama akaniwekea mkono mgongoni.

Tulikaa pale mpaka jua likaingia ndani ya gari. Baadaye akapangusa uso.

"Kuna njia nyingine ya kufika?"

"Hakuna."

"Basi usinyamaze," akasema. "Ulivyonyamaza njia nzima ndiyo nilizidi kuogopa. Sema."

Nikatia gia ya pili. Tukaanza kushuka, mwendo wa mtu anayetembea, nimewasha taa za tahadhari, watu wa nyuma wanapiga honi kama harusi. Nilikuwa nasema kila ninachofanya na kila ninachosikia. Nakanyaga breki, mama. Naachia. Goti linacheza. Yeye anajibu, moyo unaenda mbio, baba, tumbo limekata. Hapa ndipo alipotokea, nikasema, ndipo hapa. Mama akatazama mahali penyewe, lami tupu na mtaro wenye majani. "Kumbe ndipo hapa," akasema. Mlio nilikuwa nausikia, sitaki kudanganya. Lakini nilimsikia na yeye, na mikono yangu ilibaki kwenye usukani mpaka chini kabisa.

Tulipofika tambarare ya Makuyuni akadai chai. Alikunywa vikombe viwili na akamgombeza mwenye hoteli kwamba sukari haitoshi. Hapo nikajua amerudi.

Jumatatu, kabla sijawasha gari la shule, nilimgeukia yule mama mwenye miwani. Nilikuwa nimepanga kunyamaza na nikaona siwezi tena. Nikamwambia nilipata ajali, kuna mteremko nauogopa, natibiwa kituo cha afya, nitaushuka polepole na huenda nitaongea peke yangu. Akasema, "Haya." Basi. Tukaenda, tukarudi, mteremko nikaushuka nikinong'ona, goti likicheza kidogo, yeye kule nyuma akitazama dirishani. Getini akachukua ufunguo.

"Nitakupigia," akasema.

Mwenye akili zake anajua maana ya nitakupigia. Kwa siku tisa nilijitukana kwa kila lugha ninayoijua. Niliziba pancha kwa hasira mpaka fundi akaniambia nizionee huruma tairi za watu. Lakini jambo moja lilinishangaza: sikujiita mwoga, hata siku moja. Nilijiita mropokaji tu.

Siku ya kumi simu ikaita. Alinipa njia ya Kilole peke yake, watoto wa chekechea, barabara kuu hapana, mpaka aone. Aliona baada ya muhula mmoja, akaniruhusu barabara kuu. Kwa daktari bado nakwenda, na siku za mvua goti linanikumbusha.

Mama sasa anakuja kila mwezi kama zamani. Namfuata mwenyewe kwa kirikuu cha fundi, anakaa mbele na kuku wake miguuni. Baba mkubwa amesikia tunavyolitaja jambo lililofungwa, amekasirika, na amesema tutaliita lirudi. Mama alimjibu kwa adabu zote kwamba lilikuwa halijaondoka. Tukifika kwenye kile kibao cha mteremko, anajifunga khanga vizuri, anashika dashibodi.

"Tunaogopa, baba?"

"Tunaogopa, mama."

"Haya, shuka."