Muthokoi wa Jioni

Mchi ukigonga kinu mahali popote hapa Kathonzweni, hata kwa jirani wa tatu, mimi huacha ninachofanya nikasikiliza. Siku hizi wengi hununua muthokoi, yale mahindi yetu ya kupika na mbaazi, ukiwa umekobolewa kwa mashine, lakini mjukuu wangu Mwende huukoboa kwa mkono kwa sababu mimi ndiye niliyemfunza kwamba wa mashine hauna ladha. Ananyunyizia mahindi maji kidogo, anatwanga, maganda yanaachana na punje, na ile harufu ya maganda mabichi na vumbi inanifikia pale nilipokaa kwenye stuli yangu. Hapo narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimeshika pembe ya leso ya mama yangu, imeloa mate.

Nitakueleza vile ilivyokuwa. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo usitegemee maneno ya kupambapamba.

Mama yangu alitoka Mbooni, huko juu mlimani kwenye baridi na ndizi. Aliolewa huku chini kwenye jua na mbaazi. Baba alikuwa kibarua Makindu na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hivyo boma lilikuwa la mama yake, Susu yetu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Susu alikuwa Kamene na mimi ni Kamene, wala hakuniita kwa jina, aliniita wajina. Nililala kwenye kitanda chake, nilimshikia kikopo chake cha ugoro, na mtu akinichapa alikuwa amemchapa yeye. Ukipewa jina la mtu mkali nawe unakuwa mkali. Waulize wajukuu wangu.

Ugonjwa wa mama ulianzia kwenye macho. Ikifika jioni kope zilimwangukia, akainua kichwa nyuma ndipo aone, na watu wakasema anawatazama kwa madharau. Kisha ukaingia kwenye sauti. Kanisani wimbo wa kwanza aliuimba vizuri, lakini ukifika wa mwisho sauti ilitokea puani kama ya mtu mwenye mafua, naye akanyamaza. Mwishowe taya. Alianza chakula vizuri, akatafuna mara tatu, mara nne, halafu taya likachoka kama mguu uliopanda mlima. Alikuwa akiliinua kwa ngumi kutoka chini. Akinywa maji kwa haraka yalirudi kwa pua.

Lakini asubuhi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alibeba mtungi, akapasua kuni, akaongea na kucheka. Sasa nani angeamini? Mgonjwa tuliyemjua sisi alikuwa mtu aliyelala akiugua kutwa kucha. Hatukuwahi kumwona mgonjwa anayepona kila alfajiri na kuugua tena jua likianza kushuka.

Na chakula chetu kilikuwa cha jioni. Muthokoi uliinjikwa mchana pamoja na mbaazi, ukatokota mpaka ng'ombe wakarudi, na ukapakuliwa jua likizama. Susu ndiye aliyepakua, kwa mkono wake mwenyewe, na kumrudishia bakuli likiwa na chakula ndani ilikuwa sawa na kumtemea mate. Ile saa ambayo mama hakuwa na nguvu hata ya kufunga mdomo ndiyo saa aliyotakiwa kutafuna nafaka ngumu kuliko zote, watu wakimtazama.

"Huyu msichana wa Mbooni alilelewa kwa ndizi," Susu aliwaambia majirani, mama akiwa hapo hapo. "Chakula cha huku chini kinamkwaruza koo."

"Mpikie keki," jirani mmoja akajibu, na wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Siku moja tulikuwa mtoni, tunachimba maji kwenye mchanga, mimi na yeye peke yetu. Ilikuwa asubuhi, sauti yake ikiwa safi. Akaniambia, "Kamene, nikila jioni haishuki. Inakwama hapa. Lakini usimwambie mtu. Wakijua ni ugonjwa watanirudisha kwetu, na wewe una jina la hapa. Wewe utabaki."

Nilijua haongei mchezo. Mke wa jirani yetu aliyekuwa na kifafa alirudishwa kwao. Nilimwona akipita njiani na kiondo kimoja, na watoto wake wamesimama kwenye uzio.

Basi tukaanza kazi yetu ya kuficha. Kazi yangu ilikuwa kuongea. Mimi niliyekuwa mtoto wa kimya, jioni nikawa redio. Nilieleza habari za shule, za mbuzi, za mwalimu aliyekalia siafu, mengine nikayatunga, ili watu wanitazame mimi na wasitazame mdomo wa mama. Susu alinikaripia, "Wajina, chakula kinaliwa kwa mdomo huo huo!" lakini alicheka. Wakati huo mama alikuwa akitema kile alichoshindwa kumeza kwenye pembe ya leso, kidogo kidogo, anaifunga fundo. Nikienda kuosha mabakuli niliichukua ile leso na kufungulia kuku fundo nyuma ya ghala.

Asubuhi mapema, Susu akiwa bado kitandani, mama alikula ule muthokoi uliolala. Aliusaga kwanza kwenye jiwe ukawa kama udongo wa kusiriba nyumba, akatia samli kama ipo. Aliinamisha kidevu kifuani ndipo akameza, kisha akapumzika. Nilimhesabia pumzi kumi kati ya tonge na tonge. Nilikuwa na bidii na hesabu hizo kuliko za shuleni. Hivyo ndivyo alivyoishi kutoka mavuno mpaka ukame uliofuata, kwa chakula baridi cha asubuhi, akikila kama mwizi.

Aliyetuangusha ni kuku. Tulikuwa na kuku mmoja asiye na manyoya shingoni, mwenye tamaa mbaya, na huyo alikuwa amejifunza leso. Siku hiyo baba alikuwa amekuja kutoka Makindu. Susu alikuwa amekaa uani na jirani yule wa keki wakichambua mbaazi, mama akapita, na yule kuku akamfuata mbio, akaruka, akadona lile fundo la jana ambalo nilikuwa nimesahau kulifungua. Leso ikafunguka. Punje zikamwagika chini mbele ya Susu, zimetafunwa nusu, na kuku wakazikimbilia wote.

Mwaka huo wa njaa watu walikuwa wakichemsha maganda wale. Jirani hakucheka.

Mama aliingia ndani ya nyumba. Susu aliokota punje moja, akaitazama kwenye kiganja chake kwa muda mrefu. Halafu akaniita, na nikaenda kusimama mbele yake. Hakuwa amekasirika, na nataka uelewe hilo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia.

"Wajina, mimi na wewe hatudanganyani. Mama yako hawezi kula chakula changu, au hataki?"

Nilisikia jua kwenye utosi. Nikamwona tena yule mke wa jirani akipita njiani, na kile kiondo. Nikafikiri kwa akili ya miaka tisa kwamba mtu mwenye maringo hugombezwa tu, lakini mgonjwa hurudishwa kwao.

"Hataki," nikasema.

Susu alitikisa kichwa mara moja, akamalizia mbaazi zake.

Jioni hiyo alimpakulia mama bakuli la kwanza, kabla hata ya baba, akalijaza mpaka juu. Akaliweka mbele yake kwa mikono miwili vile anavyowekewa mgeni. "Leo nitakuona ukimaliza," akasema. "Chakula changu si sumu." Baba alitazama moto. Alikuwa mwanamume mzima lakini mbele ya mama yake alikuwa kijana.

Nilianza kuongea. Nilianza habari ya mbuzi, na Susu akaninyamazisha kwa kidole kimoja.

Mama aliinua kichwa nyuma ili anione chini ya zile kope, kisha akala. Aliinua taya kwa ngumi, akatafuna, akasukuma. Tonge la kwanza lilishuka. La pili lilishuka. Nilikuwa nikimhesabia pumzi moyoni, lakini macho ya watu hayakumpa nafasi ya kumi, alipumzika tatu tu. Tonge la tano ndilo lililoingia njia isiyo yake. Hakukohoa kama watu wanavyokohoa, hakuwa na nguvu hiyo. Alitoa mlio mdogo kama mlango wa ghala, akageuka rangi, mikono ikatafuta kitu hewani. Baba alimwinamisha, akampiga mgongoni mpaka punje zikatoka baadhi. Nyingine hazikutoka. Akapumua, lakini kifuani mwake kulikuwa na sauti ya uji unaotokota.

Homa ilikuja usiku. Kesho yake Susu alichemsha dawa na kutuma mtu amwite mchungaji aombe. Siku ya tatu baba alimpakia kwenye baiskeli, amefungwa kwa leso asianguke, akamsukuma mpaka barabarani kutafuta gari la kwenda hospitali. Siku ya sita alirudi na baiskeli tupu.

Kabla ya ile safari, asubuhi, mama aliniita. Homa ilimchoma lakini asubuhi ilimrudishia sauti yake kama kawaida. Alinishika sikio, vile alivyofanya akinipenda, na kuniambia, "Ulinificha vizuri, Kamene. Sijaona mtoto anayeficha kama wewe." Nilifurahi. Ndiyo, nakuambia ukweli, nilifurahi, nilijiona nimefaulu mtihani.

Susu hakuzungumza juu ya siku ile kwa miaka mingi. Niliolewa hapa karibu na nikawa nakuja kumwona. Meno yakamwisha, nikawa namsagia muthokoi wake kwenye jiwe lile lile. Siku moja nikiwa nimepiga magoti nasaga, akasema bila kunitazama, "Hata mama yako ningemsagia. Kama ningejua hawezi, ningemsagia kila siku."

 Niliendelea kusaga mpaka ukawa maji. Labda ni kweli angesaga, na labda angemrudisha Mbooni. Sitajua. Ninachojua ni kwamba aliniuliza, na alikufa akiamini mimi na yeye hatudanganyani.

Mwaka jana kope zangu zilianza kuanguka jioni.

Nilijua siku ya kwanza. Mtu anajua. Lakini mimi ni Kamene, kwa hivyo nilificha. Nilisema miwani ni mibaya, nilisema meno, nilisema sina njaa kwa sababu ya joto. Siku hizi kuna tishu, hakuna haja ya leso, nami nilizijaza mfukoni na kuzitupa chooni. Nilikonda. Mwanangu alisema nimekuwa mzee wa kuchagua chakula. Mwende, aliyenipikia kila jioni, alianza kuweka bakuli mbele yangu kwa kishindo kidogo, na sikumlaumu.

Halafu jioni moja akakaa chini kabisa, sakafuni, karibu na magoti yangu. "Susu, hata usinigombeze. Unashindwa kula, ama hutaki tu chakula changu?"

Niliinua taya kwa ngumi. Wewe unayesoma hujui jinsi neno dogo linavyoweza kukwama. Lilikuwa limekaa hapo tangu nina miaka tisa. Taya lilikuwa limechoka, ulimi mzito, na neno likatokea puani, baya, kama la mlevi.

"Siwezi," nikasema. "Haishuki."

Alinipeleka hospitali. Daktari, msichana mdogo mwenye viatu vya michezo, aliniambia nitazame juu bila kupepesa mpaka kope zikaanguka zenyewe. Kisha akauliza, "Na asubuhi, susu, unakuwaje?" Mimi si mtu wa kulia. Nililia mpaka akafunga mlango. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote akiuliza habari za asubuhi. Alinieleza kwamba ni misuli, inachoka kwa sababu haipati ujumbe wake sawasawa, na kwamba mgonjwa wa hivi si mvivu wala si mwenye maringo. Kama mama alikuwa na huu huu hakuweza kuniapia, hajamwona, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Nina vidonge sasa. Nameza kimoja kabla ya chakula, nangoja, ndipo nakula. Havijaniponya. Jioni nyingine hata mate ni kazi, na najua kifua changu siku moja kinaweza kutokota kama cha mama.

Kwa boma langu muthokoi huliwa asubuhi. Majirani wanatucheka, wanasema tunakula chakula cha jioni na chai. Wacheke. Mwende anasaga wangu, nainamisha kidevu, nameza, nahesabu pumzi kumi.

Na katika zile pumzi nafikiria ile asubuhi ya baiskeli. Kuta zetu zilikuwa za udongo, na mlango ulikuwa gunia. Nilipomjibu Susu uani, mama alikuwa ndani, hatua nne tu kutoka kwangu. Alisikia nilichosema. Alilikalia lile bakuli akijua ni neno langu lililolijaza. Miaka hii yote nilidhani alikuwa akinishukuru, na ni juzi tu, nilipoona mimi mwenyewe jinsi sauti ya asubuhi ilivyo fupi, ndipo nilipoelewa. Alibakiwa na sauti ya saa moja tu kwa siku, akaitumia ile ya mwisho kuniambia kwamba sikukosa.