Kovu la Fundi Chini ya Hadubini

Kazini, kwenye maabara, walimwita Matone, maana kutwa alikuwa ameinama juu ya vioo, akidondosha kingamwili kwenye vipande vya ngozi vyembamba kuliko karatasi. Kingamwili ile haikuwa na habari na kitu kingine. Ilitafuta protini moja tu, ile ambayo mwili wa binadamu huifuma kuwa wavu wa kushikilia chembe zake. Ilipoikuta iliing'ang'ania, na rangi ikitiwa, pale pakageuka kahawia.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani. Utotoni aliungua kwa maji ya moto, kovu likaukunja mkono wake wa kushoto kwenye kiwiko. Juzijuzi daktari wa upasuaji alilikata kovu lile, na fundi mwenyewe akakubali kipande kipelekwe maabara.

"Huyu ni wa kwenu," mkuu wa maabara alimwambia Matone. "Ukitaka, nimpe mwingine hii kazi."

"Nipe tu. Nepi zake nimefua mimi, ngozi yake itanishinda nini?"

Mara ya kwanza kioo kizima kilitoka kahawia, huoni mbele wala nyuma. Kingamwili ilikuwa kali mno. Akaizimua, akarudia kwa kipande kingine, na safari hii nyuzi za ile protini zikajitokeza moja moja. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaomba ruhusa, akamwita mdogo wake.

Fundi akaweka jicho kwenye hadubini. Kwanza aliona ngozi ya kulinganishia, isiyo na kovu, nyuzi zake zimepishana huku na huku. Halafu akaona yake.

"Hizi zote zimelala upande mmoja," alisema. "Tena zimebanana. Kitambaa cha hivi ukikivuta hakiji."

"Hakiji hata ufanyeje."

Fundi hakuondoa jicho. "Dada, mama alikuwa akisema ni uvivu. Nyoosha mkono, nyoosha mkono. Na mimi nikaamini."

Matone akasogea karibu. Akamshika bega.

Jioni walikwenda kwa mama yao. Fundi ndiye aliyeeleza, taratibu, bila lawama, akionyesha kwa vidole jinsi nyuzi zilivyolala. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikujua, mwanangu. Niliogopa nikikudekeza utabaki hivyo hivyo."

"Najua, mama."

Mama akauchukua ule mkono, bado umefungwa bandeji, akauweka mapajani mwake. Akakaa nao hapo huku mazungumzo yakihamia mambo mengine.