Mtegemezi wa Mama Yake

Nakumbuka Jumamosi moja hapa Stafford, pembeni ya Houston, Marekani, mwanangu, miaka ile Waingereza walipokuwa hawana habari nyingine ila kujitoa Umoja wa Ulaya. Nilikuwa jikoni nimeloweka mchele wa pilau, na mezani, palipotakiwa kuwa na vitunguu, palikuwa na kompyuta. Ilikuwa ya Tunu, mtoto wa mdogo wangu Salma. Nilimwambia aihamishe. Aliisogeza kidogo tu, akaendelea kuandika huku amekunja uso kama karani wa mahakama.

Nikuambie kwanza Tunu ni nani. Mdogo wangu alikwenda Uholanzi angali msichana, akaolewa huko, akapata uraia wa huko, na Tunu akazaliwa Mholanzi. Ndoa ilipokwisha, Salma alifungasha mizigo, akamchukua mtoto, wakati huo ana miaka kumi na minne, wakahamia Leicester, Uingereza. Enzi hizo raia wa Ulaya alihamia na kufanya kazi kule bila viza. Salma akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Tunu akasoma, akaingia chuo kikuu, na chuo kikamleta huku Texas kwa mwaka mmoja wa masomo, pale Richardson, karibu na Dallas. Likizo fupi zikifika alipanda basi kuja kwangu huku Houston, kwa sababu, alisema, Richardson chakula kipo kizuri ila hakuna wa kumlazimisha aongeze.

Jumamosi hiyo alikuwa anaandaa maombi ya ukaazi wa kudumu wa Uingereza, ili akirudi mwezi wa tano ayatume. Halikuwa jambo la mchezo. Uingereza ikijitoa kabla hajapata karatasi yake, hakuna aliyekuwa na uhakika watoto kama yeye wangewekwa fungu gani. Rafiki zake wote walikuwa Leicester, mwaka wa mwisho wa shahada ulikuwa unamngoja kule, na Kiholanzi chenyewe alikuwa ameanza kukisahau.

“Kuna njia mbili, mama mkubwa,” alinieleza bila kuinua macho. “Naweza ku-apply mwenyewe kama mwanafunzi, au kupitia mama.”

“Ipi ina uhakika?”

“Ya mama.”

“Na hiyo unayoandika ni ipi?”

“Ya mwanafunzi.”

Niliweka kisu chini. Njia ya mwanafunzi, aliniambia, ilitaka aonyeshe bima ya matibabu aliyokuwa nayo miaka yote, naye hakuwahi kuwa nayo, kwa sababu kule mtu akiumwa anakwenda tu hospitali ya serikali. Mshauri wa chuo chake alishamwambia waziwazi kwamba kwa njia hiyo atakataliwa. Njia ya mama haikuwa na tatizo. Aliishi Uingereza miaka mitano kamili kabla ya kuja huku, mama yake yuko kazini muda wote huo, na yeye mwenyewe hajafikisha miaka ishirini na moja. Kilichobaki ni pasi ya Salma, slipu zake za mshahara na sahihi yake.

“Basi mpigie mama yako.”

“Wataniweka kwenye fungu la dependants, mama mkubwa. Mtegemezi. Na mimi nafanya kazi tangu niko sixteen. Sitaki.”

Hapo nikaelewa. Nilijua pia jinsi walivyoagana. Siku Tunu anaondoka Leicester, Salma aliwaambia wageni waliokuja kumuaga kwamba huyu bado mtoto, hata soksi namnunulia mimi. Alisema kwa mapenzi, namjua mdogo wangu, lakini kijana wa umri ule hasikii mapenzi kwenye habari ya soksi. Tunu akaapa moyoni kwamba hatamwomba mama yake kitu tena. Tangu hapo walikuwa wakitumiana salamu kwenye simu, umeamkaje, nzuri, basi. Salma akawa ananipigia mimi kuniuliza kama mtoto wake anakula, na iliniuma kila mara.

Mwanangu, neno hilo la mtegemezi nalijua ukali wake. Nimekulia Kondoa wakati kujitegemea kulikuwa kwenye nyimbo zetu, kwenye kuta za darasa na kwenye shamba la mahindi la shule tulilolilima wenyewe. Kumwita mtu mtegemezi ilikuwa kumtukana. Siyakatai mafunzo yale, hata kidogo. Ndiyo yaliyoniamsha alfajiri miaka yote hii kwenda kuwahudumia wagonjwa wa figo wa mji huu, na sijawahi kuchelewa zamu. Ila kuna mahali nilipoyaelewa kombo, na aliyeninyoosha ni matroni wa chuo.

Nilikuwa na umri kama wa Tunu, nimepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, Tabora. Baba alinisindikiza kwa treni kutoka Dodoma, amelikumbatia tranka langu safari nzima lisije likaibwa. Tulipofika aliketi kwenye benchi nje ya ofisi, mlango uko wazi, mimi nikaingia kuandikishwa. Matroni, mama mnene mwenye miwani, aliniuliza jina, akaniuliza kwetu, kisha akauliza mlezi wangu ni nani. Nikasimama wima.

“Mimi mwenyewe,” nikamjibu. “Najitegemea.”

Hakucheka. Aliweka kalamu chini akanitazama. “Haya. Ukizidiwa na malaria leo usiku, hujitambui, nimwite nani? Nikuite wewe?”

Akaendelea kwa upole, na upole ule niliuogopa kuliko kelele. “Hapa utawahudumia watu wasioweza hata kujigeuza kitandani. Kama wewe unaona haya kuwa na mtu, hao utawaona ni nini? Toka nje, kamuulize yule mzee anaitwa nani, urudi uniambie.”

Nikatoka. Baba alikuwa amesikia kila neno. Nikamuuliza, machozi yananilenga, “Baba, unaitwa nani?” Akanitajia majina yake matatu taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana, na midomo inamcheza kwa kicheko anachokizuia. Aliporudi nyumbani aliitangazia Kondoa nzima kwamba binti yake ndiye mlezi wa binti yake. Nilitaniwa kwa hilo mpaka naolewa, na wifi zangu wakalipokea, wakaendelea nalo.

Nilipomsimulia Tunu alicheka hadi akaifunga ile kompyuta. Nikaona nafasi yangu imefika, sikumwacha apumue.

“Umeniambia mwenyewe haki yako imeshatimia. Sasa nieleze ulifanya nini kuipata. Ulifanya mtihani?”

“Hapana.”

“Ulishindana na nani?”

“Na hakuna mtu. Niliishi na mama tu, nikaenda shule.”

“Na yeye?”

“Akaenda kazini.”

“Basi ndiyo hiyo. Ulikuwa mtoto wa Salma, ukalala nyumbani kwa Salma, siku zikapita, haki ikaingia. Sasa unataka kuwaandikia watu wazima wale wa uhamiaji kwamba ulifika Uingereza peke yako, ukajilea. Mama yako unamfuta ili iweje?”

Akachukua vitunguu akaanza kumenya, na mwanangu, kitunguu ni rafiki mzuri wa mtu asiyetaka kuonekana analia. Alipomaliza alinawa mikono, akachukua simu. Leicester ilikuwa jioni, Salma ametoka zamu, bado ana kilemba kichwani. Tuliiegemeza simu kwenye kopo la chumvi ili tumwone vizuri.

“Mama, nina shida, naomba unisaidie,” alisema Tunu, na nilijua sentensi hiyo imemgharimu. “Kwenye fomu yangu ya ukaazi, wewe ndiye sponsor wangu.”

“Ndiye nani?”

“Sponsor. Mdhamini.”

Salma alisogeza uso hadi tukaona pua tupu. “Mdhamini? Umekamatwa? Dada, mtoto kafanya nini huko?”

Ujue kwetu mdhamini ni mtu anayekuja kukutoa mahabusu, na mdogo wangu alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tunu ikabidi amweleze kila kitu toka mwanzo, miaka mitano, shule, kiwanda, kwamba kazi yake Salma ndiyo iliyomfanya yeye Tunu kuwa na haki ya kuomba. Salma alisikiliza yote, kisha akavua kilemba, akakiweka mapajani.

“Yaani zile zamu za mikate zilikuwa zinakutengenezea haki ya kukaa?” aliuliza. “Mimi nilidhani zinalipa umeme.”

“Zilikuwa zinafanya yote mawili, mama.”

“Basi slipu zote ninazo. Nitakuwekea, ukija utazikuta.”

Tunu akajikaza, akalitoa na lile lililobaki. “Mama, samahani kwa kukaa kimya. Ile siku ya soksi nilikasirika sana.”

“Soksi gani?” akauliza Salma.

Hakukumbuka hata kidogo. Mtoto wa watu amebeba kinyongo kutoka Leicester hadi Dallas, amelala nacho, ameamka nacho, na mwenye kosa hajui hata limetokea lini. Tunu alicheka na kulia kwa pamoja, safari hii bila kitunguu. “Nimeku-miss, mama,” alisema. Pilau langu lilishika chini siku hiyo, na nakuomba usilisambaze hilo, maana nina jina la kulinda mji huu.

Mwezi wa tano alirudi, wakakaa mama na mwana wakaijaza fomu pamoja, wakaituma, na karatasi ikaja kabla mwaka wake wa mwisho haujaisha. Mwaka uliofuata walikuja wote wawili Houston kwenye harusi ya mtoto wangu mkubwa. Ukumbini kila aliyesalimiana na Salma na kumuuliza yeye ni nani wa maharusi, mdogo wangu alimwonyesha kwanza Tunu, akasema, “Mimi ndiye mdhamini wa huyu.” Na Tunu, amevaa gauni la kitenge alilolinunua kwa pesa yake, akaitikia mbele za watu, “Na mimi ndiye mtegemezi wake.” Watu walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilijua, nikawatazama mpaka macho yakanijaa, na sikujificha.

Basi sikia, mwanangu. Fanya kazi, lipa kodi ya nyumba yako, nunua soksi zako. Sitaki nikukute umekaa tu unangoja kuletewa. Lakini ukiulizwa umefikaje hapo ulipo, sema kweli. Taja waliokubeba, na uwataje kwa majina yao, kwenye fomu na nje ya fomu. Ukiwa na njia iliyo wazi inayopita kwa mzazi wako, ipite kichwa juu, kwa sababu aliitengeneza kwa ajili yako hata kama mwenyewe alidhani analipa umeme. Kama mzazi huna, mtaje aliyesimama mahali pake. Na kama kuna neno la zamani limekaa kifuani mwako, piga simu leo. Huenda mwenzako ameshalisahau, wewe ndiye unayelilisha.

Mola akupe mikono ya kujilisha, na akuondolee haya ya kulishwa. Siku matroni wako atakapokuuliza nani aitwe, Mola akujalie jina la kutaja. Na siku mwingine akiulizwa hivyohivyo, akataja lako, Mola akukutanishe na simu ya kukuita ukiwa macho.