Meza ya Mtiki

Katika gari walimoishi mume na mkewe, meza ya chakula ilishushwa kila jioni kati ya mabenchi mawili ikawa kitanda. Mume alikuwa na mazoea ya kumbamiza mkewe uso kwenye meza hiyo; juzi jino lilimng'oka. Leo mke, aliyekuwa fundi seremala, aliondoa ubao mwepesi, akaweka wa mtiki, mgumu kama jiwe, akahamisha bawaba ili meza isimame wima, ikomewe kama mlango mbele ya mabenchi. Usiku akajifungia nyuma yake.

Mume akaingia amelewa chakari.

"Fungua, nikuvunje mbavu!"

"Si meza unaijua, mume wangu? Nimepigana nayo vya kutosha. Leo zamu yako."

Mume akaivurumishia meza ngumi. Mke alisikia mifupa ikivunjika, kisha yowe. Komeo halikutikisika. Mke akajinyoosha kwenye benchi, akafumba macho.