Mita ya Uani kwa Bi Tufaha

Bi Tufaha binti Humaidi alipoolewa na Ghalibu akahamia Isevya, maji ya Tabora yalikuwa bado yanasafiri kwa vichwa vya wanawake. Hata uzeeni aliweza kukuelezea kisima cha bondeni kama aliyetoka huko asubuhi: nani aliwahi kufika, nani alipenda kujipenyeza mbele ya wenzake, nani aliimba Kinyamwezi huku akivuta kamba. Lakini alikijua kwa utoto tu, alipokuwa akimfuata yaya wake kutoka mtaa wa kwao. Alipovunja ungo akawekwa ndani, na kisima akabaki kukisikia kwa wapitao.

Miaka michache baada ya vita vya Hitla, mabomba yakafika mtaani. Ghalibu, aliyekuwa na duka la nguo Urambo na kurudi kwa gari moshi mara mbili kwa mwezi, akavuta bomba mpaka uani. Karibu na lango pakafungwa mita, chombo cha shaba chenye kioo, na ndani yake tarakimu nyeusi na mshale mwekundu. Tufaha aliifuta vumbi kila Ijumaa, ingawa hakujua inasema nini.

Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa Bernadeta, mama yake Hilari, Mkatoliki, mke wa fundi wa reli. Kila asubuhi Bernadeta alipiga hodi, akakinga madebe manne, kisha wakakaa barazani na kahawa ya tangawizi. Habari zote za kisimani na za kanisani zilimfikia Tufaha hapo. Kwa miaka mitatu asubuhi zake hazikuwa na upweke.

Kiangazi kimoja, mwezi wa nane, bili ikaja ya shilingi kumi na moja, nao walikuwa wamezoea nne hivi. Ghalibu aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena, akasema jambo liko wazi, maji yanakwenda kwa jirani. Tufaha moyo ulimkataa, ila hoja hakuwa nayo. Kesho yake akamwambia Bernadeta kwamba mwenye nyumba analalamikia bili, basi achote kwingine kwa muda. Bernadeta aliyamimina maji aliyokwisha kukinga kwenye mtungi wa Tufaha, akachukua debe lake tupu, akaenda zake.

Bili ya mwezi wa tisa ikaja ya shilingi kumi na mbili.

Msoma mita alikuwa Masolwa, kijana mpole kutoka upande wa Nzega. Safari hiyo Tufaha alimngojea langoni, akamwomba amfundishe. Masolwa akachutama, akamwonyesha kwamba tarakimu nyeusi zinahesabu galoni: unachukua za leo, unatoa za mwezi uliopita, zinazobaki ndizo mlizotumia.

"Na huu mshale, mama," akasema, "ukifunga bomba zote nao ungali unazunguka, ujue maji yanatoka mahali usipopaona."

Tufaha hesabu alizijua tangu chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Akatoa daftari, akaandika kwa tarakimu za Kiarabu galoni alizotajiwa na Masolwa. Zamani nyumba ilitumia galoni elfu tatu kwa mwezi, sasa elfu tisa. Debe lilichukua galoni nne. Madebe manne kila siku, kwa mwezi mzima, hayakufika hata galoni mia tano. Alikaa na kalamu mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Hesabu hiyo angeweza kuifanya kabla hajafungua kinywa.

Wiki ile walialikwa harusini Igalula. Alifunga kila bomba kwa mkono wake, akaandika tarakimu, akafunga lango. Siku ya tatu waliporudi, kabla hajavua buibui, alikwenda kwenye mita. Galoni mia sita zilikuwa zimepita katika nyumba isiyo na mtu, na mshale ulikuwa unazunguka taratibu. Akamwita Ghalibu aje aone. Ghalibu alitazama, kisha akaenda kuchukua jembe. Nyuma ya jiko, mahali majani yalipokuwa mabichi katikati ya kiangazi, walifukua bomba lililoliwa na kutu.

Fundi alipomaliza kuliziba, Tufaha hakutuma mtu. Asubuhi alijitanda buibui, akachukua ndoo, akashuka bondeni kwa mara ya kwanza tangu utoto wake. Wanawake waliacha kuvuta kamba wakamtazama. "Mwangaluka," akawaamkia kwa Kinyamwezi, na wakamwitikia. Bernadeta alikuwa akijaza debe.

"Mama Hilari, nimekudhulumu. Maji yalikuwa yanapotea chini ya ardhi yangu mwenyewe."

Bernadeta alimpokea ndoo, akaitumbukiza kisimani.

"Niliumia, Bi Tufaha," akasema. "Si kwa maji. Ungeniuliza tu."

Wakapanda pamoja, kila mmoja na maji yake kichwani. Bernadeta hakuchota tena kwenye bomba lile, hata aliposihiwa. Mwaka uliofuata mumewe akavuta lao, na Tufaha ndiye aliyemfundisha Bernadeta kusoma mita. Kahawa ilirudi barazani, ila si ya kila siku kama awali.

Kisima kilifukiwa baadaye, mabomba yalipoenea Isevya nzima. Wajukuu walipomuuliza Tufaha kuhusu zamani, aliwasimulia asubuhi ile bondeni, maji baridi yakimtiririkia shingoni, na Bernadeta mbele yake akimwonyesha pa kukanyaga.